Siri ya Faili ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Wasomaji wapenzi, ukurasa wetu wa wiki hii unajibu barua ya mama mmoja wa hapa Mombasa. Jina lake, mtaa wake na ofisi inayohusika tumeyaacha, na mambo mengine tumeyageuza kidogo ili asijulikane mtu. Mwenyewe ameridhia barua yake ijibiwe hadharani, kwa kuwa anaamini wako wazazi wengine walio katika hali kama yake.

Kwa ufupi, anaeleza kwamba binti yake yuko mwaka wa tatu wa shahada ya sheria, na katika likizo hii amepata nafasi ya kujifunza kazi katika ofisi ya wakili mjini. Juma la pili binti alirudi nyumbani kimya. Alipobanwa sana alisema tu kwamba ameona jina analolijua juu ya faili, kisha akafunga mdomo. Mama anashuku kuwa ni mambo ya nyumba ya marehemu jirani yao, ambaye mabinti zake wamekuwa wakilalamika kwa muda mrefu kuwa hawajui nyumba ya baba yao inafanywa nini. Amemtaka binti aseme, na binti amekataa. Sasa wawili hao hawazungumzi isipokuwa salamu. Mama anauliza maswali mawili. Je, binti hapati dhambi kwa kunyamaza ilhali huenda kuna wanawake wanaodhulumiwa? Na je, mama mzazi hana haki ya kuambiwa?

Nitaanza na swali la pili, kwa kuwa ndilo lililowasha moto nyumbani.

Dada yangu, swali lako limejibiwa zamani, nalo lilijibiwa na mama mwenzio. Imam Muslim amepokea habari ya Anas bin Malik (R.A.) alipokuwa kijana mdogo akimhudumia Mtume Muhammad (S.A.W.). Siku moja alikuwa akicheza na watoto wenzake, Mtume akapita, akawasalimu, kisha akamtuma Anas haja yake. Anas akachelewa kurudi kwa mamake, Ummu Sulaym (R.A.). Mama akamuuliza lililomchelewesha, naye akajibu kwamba ametumwa na Mtume. Mama akauliza ni haja gani hiyo. Anas akasema kuwa ni siri. Hapo Ummu Sulaym hakumgombeza wala hakumkumbusha tumbo lililomzaa. Alimwambia asimwambie mtu yeyote siri ya Mtume wa Mwenyezi Mungu. Miaka mingi baadaye, Anas akiwa mtu mzima, alimsimulia mwanafunzi wake Thabit habari hii, akaapa kwamba lau angekuwa wa kumwambia mtu siri ile, basi angemwambia yeye Thabit. Na hakumwambia.

Tukizingatie kisa hiki. Mtoto aliyekuwa akicheza njiani aliweza kubeba siri mpaka uzeeni, na aliyemtia nguvu ya kuibeba ni mamake. Ummu Sulaym hakuona kuwa amenyimwa haki yake ya uzazi. Aliona kwamba malezi yake yamezaa matunda. Nawe, dada yangu, waandika kuwa umemlea binti aseme kweli. Hakika kunyamaza kwake si uongo. Alikuambia kweli aliporuhusiwa kuisema, na alipofika mpaka wake akasimama. Huo ndio ukweli uliomfunza, na sasa umeongezeka juu yake uaminifu.

Tena Mtume (S.A.W.), kwa mapokezi ya Jabir bin Abdillah (R.A.) waliyoyaleta Abu Daud na Tirmidhi, ametufundisha kwamba mtu akizungumza neno kisha akageuka kutazama huku na huku, neno hilo limekuwa amana kwa aliyelisikia. Yaani hata kama hakutamka kuwa ni siri, kule kugeuka kwake kumetosha. Sasa mtazame mtu anayeingia ofisi ya wakili. Anafunga mlango. Anateremsha sauti. Anatoa hati zake katika mfuko wa karatasi, moja moja. Ni nani atakayesema kuwa mtu huyo hakugeuka kutazama?

Sheria ya nchi yetu nayo imekwenda njia hiyo hiyo. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, katika kifungu cha 134, inamzuia wakili kufichua aliyoambiwa na mteja wake katika kazi hiyo isipokuwa kwa ridhaa ya mteja mwenyewe. Kifungu cha 135 kinawatia ndani ya wajibu huo wakalimani, makarani na watumishi wa wakili. Mwanafunzi aliyekaribishwa kujifunza kazi amekaa kwenye benchi lile lile la karani. Anapanga mafaili, anapeleka nyaraka sajili ya mahakama, ananakili hati na kumfuata wakili mahakamani akae nyuma asikilize. Kila karatasi inayopita mikononi mwake imebeba aibu ya mtu au ugomvi wa watu na ndugu zao. Hekima ya sheria hiyo ni nyepesi kuiona: mgonjwa asiyemfunulia tabibu kidonda chake hatibiki, na mwenye kesi asiyeweza kumwamini wakili wake hatamweleza kweli, na wakili asiyeijua kweli hawezi kumwongoza kwenye haki.

Kwa hiyo jibu la swali la pili ni kwamba huna haki ya kuambiwa, na binti hakukukosea adabu. Utiifu kwa wazazi ni wajibu mkubwa, lakini haufiki kwenye amana ya mtu wa tatu, kwa sababu amana ile si mali ya binti hata aigawe. Mwenyezi Mungu (S.W.T.) katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, ameamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe, na wewe, pamoja na heshima yako yote, si mwenyewe.

Sasa tuje kwenye swali la kwanza, ambalo ni zito zaidi. Je, siri inaweza kuwa pazia la dhulma?

La, haiwezi. Abu Daud amepokea vilevile kutoka kwa Jabir hadithi yenye maana kwamba vikao ni amana isipokuwa vitatu: kikao cha kumwaga damu isiyo halali, cha uzinifu, na cha kuchukua mali ya mtu bila ya haki. Wanazuoni wameizungumza sanadi ya hadithi hii, lakini maana yake inaafikiana na kanuni za dini yetu, kwamba hakuna ahadi inayomfunga mtu kusaidia madhambi. Nayo Sheria ya Ushahidi, katika kifungu kile kile cha 134, imetoa nje ya ulinzi wake mawasiliano yaliyokusudiwa kuendeleza jambo lililo kinyume cha sheria. Basi haijuzu kwa yeyote kusema kwamba ofisi ya wakili ni pango la kufichia mali ya mayatima na wajane.

Lakini hapa pana jambo ambalo ghadhabu ya kutetea wanyonge hutusahaulisha. Binti yetu ameona nini? Kwa maneno yako mwenyewe, ameona jina. Jina juu ya faili si kosa. Faili laweza kuwa la deni, la wakfu, la kodi ya nyumba au la ajali ya gari. Tena yamkini wakili yule ameajiriwa na hao hao mabinti wa marehemu, na faili lile ndilo linalotafuta haki yao. Ikiwa ni hivyo, neno moja litakalotoka jikoni kwako likafika kibarazani, na kutoka kibarazani likafika kwa wanaopingana nao, litakuwa limewavunjia nguvu wale uliotaka kuwatetea. Ndiyo maana Qur'ani katika Surat Al-Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuitendea kazi, ikatuonya juu ya dhana, na ikaunganisha onyo hilo na katazo la kupeleleza. Aliyeona ukurasa mmoja hajasoma kitabu.

Basi binti afanye nini? Njia ipo, nayo haipiti mtaani.

Kwanza, aende kwa wakili anayemsimamia, amwambie waziwazi kwamba jina lile analijua, ni la jirani, na familia zao zina mazoea. Hilo peke yake ni wajibu wake, awe ameona baya au hakuona. Mtu anayewajua wahusika asiliguse faili lao. Aombe aondolewe katika kazi hiyo na apewe nyingine. Wakili mwenye busara atamshukuru, wala hatamwona msumbufu.

Pili, ikiwa ameona kwa macho yake kwamba hati ya kiapo inawataja baadhi ya warithi na kuwaacha wengine ambao yeye anawajua kuwa wapo hai, basi amwambie wakili huyo huyo neno hilo kama alijuavyo, bila kuongeza. Huenda wakili hajui. Mteja humletea wakili majina aliyotaka kuyaleta. Na wakili, kwa kifungu cha 55 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, ni afisa wa mahakama. Haimjuzii kuipelekea mahakama kiapo anachojua kuwa ni cha uongo. Neno la mwanafunzi ndani ya ofisi laweza kusimamisha dhulma ambayo kelele za mtaa mzima zisingeisimamisha.

Tatu, ikiwa wakili atapuuza na kumtaka ashiriki, mathalani aandike au ashuhudie asilolijua kuwa kweli, akatae kwa adabu na aondoke. Hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Amweleze mwalimu wake wa chuo kwamba ametakiwa kufanya lisilo halali, na atafute kwake muongozo pasi na kutaja jina la mteja. Cheti cha miezi miwili ya mafunzo kikipotea, kitapatikana kingine. Jina la mtu likiharibika kabla hajaanza kazi, ni shida kulitengeneza.

Na je, hao mabinti wa marehemu tuwaache hivi hivi? Hasha. Haki yao haikuning'inizwa kwenye ulimi wa mwanafunzi. Imeandikwa. Na hapa nawataka dada na mama zetu wote wasome kwa makini, kwa sababu nyumba nyingi za Mwambao zina kesi kama hii.

Surat An-Nisaa, aya ya 7, imewawekea wanaume fungu na wanawake fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa wa karibu, iwe kidogo au kingi. Aya ya 11 na ya 12 zikafafanua mafungu. Mali ya maiti hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni yake, ikiwemo mahari ya mke ambayo hayajalipwa, kisha wasia usiozidi thuluthi kwa asiyekuwa mrithi. Kinachobaki ndicho cha kurithiwa. Tuchukue mfano: mtu ameacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili, na kilichobaki ni nyumba yenye thamani ya shilingi 3,200,000. Mke atapata thumni, yaani shilingi 400,000. Zinazobaki 2,800,000 zitagawanywa mafungu manne: mtoto wa kiume mawili, na kila binti moja. Kwa hivyo mwanamume atapata 1,400,000 na kila binti 700,000. Hakuna hesabu yoyote katika Uislamu inayompa binti wa marehemu sifuri kwa sababu ameolewa, au kwa sababu kaka yake ndiye aliyekuwa akilipa stima na maji.

Mwanamke asiyeelezwa mali ya baba yake inafanywa nini asisubiri kuelezwa. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 imezipa mahakama za kadhi mamlaka juu ya hali ya mtu kisheria, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Aende na cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa, na hati yoyote ya mali aliyo nayo, aombe warithi watambuliwe na mafungu yabainishwe. Aende pia ofisi ya ardhi kufanya upekuzi wa kiwanja, ajue kimeandikwa kwa jina la nani. Akihofia kitauzwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamruhusu mwenye maslahi kuweka zuio katika daftari. Na ikiwa ni nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi hapa mjini, ajue kwamba nyumba hiyo nayo inarithiwa. Atafute mkataba wa kununulia au stakabadhi za kodi ya kiwanja, maana hizo ndizo hati zake.

Tena, chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, maombi ya hati ya kusimamia mirathi hutangazwa kabla hati haijatolewa, na mwenye pingamizi hupewa muda usiopungua siku 30. Na hata ikiwa hati imekwisha kutolewa, kifungu cha 76 cha sheria hiyo kinaruhusu ibatilishwe ikithibitika kwamba ilipatikana kwa kauli ya uongo au kwa kuificha mahakama jambo la msingi. Kuwaficha dada zako ni kuificha mahakama jambo la msingi.

Dada yangu uliyeandika, haya yote waweza kuwaambia mabinti wa jirani yako leo. Malalamiko yao uliyasikia kutoka vinywani mwao kabla binti yako hajakanyaga ofisi yoyote. Wapeleke kwa kadhi kama jirani mwema, bila kutaja wala kuashiria ofisi ya binti. Utakuwa umenusuru wanaodhulumiwa, ikiwa wanadhulumiwa, na binti yako atakuwa amehifadhi amana yake. Na ukirudi nyumbani, mwambie mwanao neno la Ummu Sulaym. Nina yakini litakuwa zito kwake kuliko sifa za walimu wake wote.

Yabaki maneno machache kwa wengine wanaohusika.

Wapo wazee wanaosema kwamba uwakili ni kazi ya kutetea waongo, basi mtoto wa Kiislamu asiisogelee. Wakala katika ugomvi umeruhusiwa katika fiqhi yetu. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) hakupenda kuhudhuria mwenyewe mbele ya magomvi, akamwakilisha nduguye Aqil, na Aqil alipozeeka akamwakilisha Abdullahi bin Jaafar. Lililokatazwa, kama ilivyo katika Surat An-Nisaa aya ya 105, ni kuwatetea wahaini huku ukijua kuwa ni wahaini. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Ummu Salama waliyoafikiana Bukhari na Muslim, ameeleza kwamba yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja wa wagomvi akawa fasaha zaidi kuliko mwenzake, basi atakayekatiwa haki ya nduguye asiichukue, kwani ni kipande cha moto. Hadithi hii anayestahiki kuihifadhi kuliko watu wote ni wakili.

Kwa vijana wetu: njia mliyoishika ni ndefu. Shahada ni miaka 4, kisha Kenya School of Law, kisha miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu na mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, ndipo mtu aapishwe na jina lake liingie katika daftari la mawakili. Lakini amana haingoji kiapo. Usipige picha ya hati ukaituma kwa wenzako wasapu, hata kama umeficha jina, maana mji huu ni mdogo. Usizungumze kesi ndani ya matatu wala kivukoni Likoni. Na jirani akikuletea usiku karatasi zake umwandikie, mwelekeze kwa wakili, kwani sheria haimruhusu asiye wakili kuandaa hati za kuhamisha ardhi wala za kuomba usimamizi wa mirathi. Kumwelekeza si kumnyima.

Na kwa mawakili Waislamu mnaowapokea vijana hawa: wafundisheni, msiwafanye wapika chai. Wapokezi wanasimulia kwamba Abu Yusuf alikuwa mtoto wa maskini, na wazazi wake walitaka aache darasa aende kutafuta riziki. Imam Abu Hanifa akawa anampa fedha za matumizi ili asikose kikao. Mtoto yule ndiye aliyekuja kuwa kadhi mkuu wa kwanza zama za Harun al-Rashid. Mwanafunzi anayetoka Kisauni au Mtongwe kila asubuhi anahitaji nauli na chakula cha mchana. Kumpa hicho kidogo hakutawafilisi. Na siku ya kwanza, kabla ya kumwonyesha mashine ya kunakilia, mkalishe umweleze siri ni nini, ili asijikute peke yake na jambo zito kama alivyojikuta binti huyu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu wawe na ulimi mkweli na kifua kinachohifadhi, awarudishie warithi haki zao, na azipatanishe nyoyo katika nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.